Damu kwenye choo cha mtoto mchanga: ipi inasubiri asubuhi, ipi haisubiri

HAKUNA mzazi asiyeshtuka anapofungua nepi ya mtoto mchanga na kukuta damu. Iwe ni tone moja au nepi nzima imelowa, hofu ni ile ile. Na katika hekaheka hiyo kila aliyepo nyumbani huwa na lake la kusema. Bibi atasema ni mchango, jirani atasema ni joto la tumbo, na muuza duka la dawa atatoa chupa ya metronidazo kabla hujamaliza kueleza.

Ndugu msomaji, sehemu kubwa ya watoto wachanga wanaotoa damu kwenye choo hawana ugonjwa wa kutishia maisha, na wengine hata dawa hawahitaji. Lakini wamo wachache ambao kusubiri usiku mmoja kunatosha kuwapoteza. Tatizo ni kwamba makundi haya mawili huweza kuanza kwa dalili ile ile, yaani damu kidogo kwenye nepi. Kinachowatenganisha si wingi wa damu peke yake. Ni umri wa mtoto, ni hali yake kwa ujumla, na ni mambo mawili matatu ambayo mzazi ndiye mwenye kuyajua na daktari hawezi kuyajua asipoambiwa.

Kwanza hakikisha kwamba ni damu

Choo cha kwanza cha mtoto, kile cheusi kinachonata kama lami, huwatisha wengi, hasa wenye uzazi wa kwanza. Hiyo si damu. Ni uchafu uliokusanyika ndani ya utumbo wake kabla hajazaliwa, nao hutoka kwa siku mbili tatu za mwanzo, kisha choo hugeuka kuwa cha kijani na baadaye njano.

Pili, angalia mkojo. Katika siku za mwanzo nepi huweza kuwa na madoa ya rangi ya waridi au ya matofali. Hizo ni chembe za chumvi zinazotoka kwenye mkojo mzito, na maana yake ni kwamba mtoto anahitaji kunyonya mara nyingi zaidi. Yakiendelea hadi siku ya nne au ya tano, mpeleke kliniki apimwe uzito na muuguzi aangalie anavyoshika ziwa.

Tatu ni watoto wa kike. Katika wiki ya kwanza mtoto wa kike anaweza kutoa ute na damu kidogo ukeni. Alipokuwa tumboni alikuwa akipata homoni za mama yake. Alipozaliwa zikakatika ghafla, na mwili wake ukaitikia kwa kutoa damu. Hali hii huisha yenyewe baada ya siku chache wala haina dawa. Mtawaze kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma na usiingize kitambaa wala kidole ndani.

Kwa mtoto aliyekwisha anza kula, yaani aliyetimiza miezi sita, kumbuka alichokula jana. Bitiruti na tikitimaji hupaka rangi choo. Dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi, na baadhi ya dawa za kifua kikuu hugeuza mkojo na choo kuwa na rangi ya chungwa au nyekundu.

Ikiwa imethibitika ni damu, bado linabaki swali jingine: ni damu ya nani? Mtoto aliyezaliwa jana au juzi anaweza kuwa amemeza damu ya mama yake wakati wa kuzaliwa. Aliyekwisha maliza wiki mbili anaweza kuwa anaimeza kila anaponyonya, kwa sababu chuchu za mama zimechanika. Mwaka 1955 daktari wa watoto wa Marekani aitwaye Leonard Apt alieleza kipimo rahisi cha kutenganisha damu hizi mbili: damu ya mtu mzima ikichanganywa na maji na kemikali ya magadi makali hugeuka rangi ya kahawia, wakati damu ya mtoto mchanga hubakia na wekundu wake. Nyumbani huna kipimo hicho, lakini unaweza kuzitazama chuchu zako. Kama zina vidonda, mara nyingi tiba ni kurekebisha namna mtoto anavyoshika ziwa. Anatakiwa aingize mdomoni sehemu kubwa ya ile duara nyeusi, na si ncha ya chuchu peke yake. Endelea kumnyonyesha, damu hiyo haimdhuru.

Mchubuko wa njia ya haja kubwa

Hii ndiyo sababu inayoonekana zaidi kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja. Choo kigumu kinapopita hupasua kidogo ngozi laini ya njia ya haja kubwa. Damu yake ni nyekundu ya kung'aa, ni kidogo, na hukaa juu ya choo kama mstari au hubaki kwenye kitambaa unapomfuta. Haichanganyiki na choo. Mtoto hulia wakati wa kujisaidia, akimaliza ananyamaza, ananyonya na kucheza. Ukimlaza chali, ukamwinua miguu na kutazama kwenye mwanga mzuri, mara nyingi utauona mpasuko wenyewe.

Matibabu yake ni madogo. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika chache mara mbili tatu kwa siku, mkaushe taratibu, kisha paka mafuta mazito ya mgando kuzunguka njia hiyo. Baada ya hapo tafuta kwa nini choo ni kigumu. Mara nyingi utakuta mtoto ameanzishiwa maziwa ya ng'ombe au ya kopo, ama uji mzito, kabla ya wakati. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake ni nadra kupata choo kigumu. Anaweza kujisaidia mara saba kwa siku, au akishapita wiki sita akakaa siku tano hata saba bila choo, na yote mawili ni sawa maadamu kinapotoka ni laini.

Hapa pana jambo ambalo lazima lisemwe wazi. Katika nyumba nyingi mtoto akikaa siku mbili bila choo huingizwa kipande cha sabuni kwenye njia ya haja kubwa, au kijiti cha mboga kilichopakwa mafuta, au hupigwa bomba la maji ya majani. Sabuni huunguza utando wa ndani, kijiti hukwaruza, na bomba linaweza kutoboa utumbo. Mtoto aliyekuwa mzima anaanza kutoa damu, na sababu ni mkono wa mtu mzima aliyetaka kumsaidia.

Chai ya maziwa ya mama

Kuna watoto wanaonyonya vizuri, wananenepa, wanacheka, lakini kuanzia wiki ya pili hadi ya nane hivi choo chao kinakuwa na ute na michirizi ya damu. Huyu anaweza kuwa na mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Mama huuliza: vipi awe na mzio wa maziwa ya ng'ombe na sijampa hata tone? Jibu ni kwamba mama mwenyewe anapokunywa maziwa, sehemu ndogo ya protini ile hupita kwenye damu yake na kuingia katika maziwa anayomnyonyesha. Utando wa utumbo mpana wa mtoto huikataa, unavimba na kutoa damu kidogo kidogo.

Kosa linalofanyika mara kwa mara, hata na baadhi ya wahudumu wa afya, ni kumwambia mama aache kunyonyesha. Anayekwenda dukani kununua maziwa ya kopo ananunua protini ile ile ya ng'ombe, safari hii ikiwa nyingi. Maziwa ya mbuzi nayo si njia ya kutokea, kwa sababu protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Linalotakiwa ni mama kuacha maziwa katika chakula chake mwenyewe kwa wiki mbili hadi nne: chai ya maziwa, mtindi, aiskrimu, jibini, maziwa ya unga, siagi, samli, na pia mikate, keki na biskuti zilizotiwa maziwa. Soma maandishi ya pakiti. Chai ya rangi, mchuzi wa nazi, samaki, dagaa, maharage na mboga za majani havina tatizo hilo, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao humrudishia mama madini ya chokaa anayoyakosa kwenye maziwa.

Kama sababu ilikuwa ni hiyo, damu huanza kupungua ndani ya siku chache, japo utando huchukua wiki mbili au zaidi kupona kabisa. Wapo watoto wachache ambao mzio wao ni wa soya au mayai. Walio wengi huachana na mzio huu wenyewe wakifikia umri wa mwaka mmoja. Hata hivyo usijihukumie nyumbani. Mtoto aonekane kwanza na daktari, apimwe uzito na wingi wa damu, kwani kutokwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi humletea upungufu wa damu.

Sindano ya siku ya kwanza, na tohara ya siku ya saba

Mwaka 1894 daktari Charles Townsend wa Boston, Marekani, aliandika habari za watoto wachanga 50 waliotokwa damu katika siku za mwanzo za uhai wao bila jeraha lolote. Sababu yake haikujulikana wakati ule. Katika miaka ya 1930 Henrik Dam wa Denmark, aliyekuwa akichunguza vifaranga waliokuwa wakivuja damu, aligundua vitamini inayosaidia damu kuganda na kuiita K, herufi ya kwanza ya neno la Kidenmaki na la Kijerumani la kuganda. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 pamoja na Mmarekani Edward Doisy.

Kila mtoto huzaliwa na akiba ndogo sana ya vitamini hii. Haivuki kwa wingi kutoka kwa mama, na maziwa ya mama, pamoja na fadhila zake zote, yana kiasi kidogo chake. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza kila mtoto apewe sindano ya vitamini K ya miligramu moja mara baada ya kuzaliwa. Mtoto aliyeikosa anaweza kutokwa damu kati ya siku ya pili na ya saba, kwenye kitovu, puani, au katika choo. Wengine hungoja hadi wiki ya tatu au ya nane, na hata miezi kadhaa. Hawa wa baadaye ndio wa kuhofia zaidi, maana wengi wao damu huvujia ndani ya ubongo. Kabla ya hapo mara nyingi hutangulia onyo dogo: alama ya bluu kwenye ngozi bila kuanguka, puani tone, kwenye choo michirizi.

Kwa hiyo, kama mtoto wako amezaliwa nyumbani au njiani, au kama hujui alipata sindano hiyo, basi damu yoyote katika choo chake, hata iwe ndogo namna gani, ni ya kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Sindano ni ya bei ndogo na huanza kufanya kazi ndani ya saa chache. Hali kadhalika mama aliyetumia dawa za kifafa au za kifua kikuu wakati wa ujauzito amweleze mkunga mapema, kwa sababu baadhi yake humpunguzia mtoto vitamini hii, na mtoto anaweza kutokwa damu siku ile ile ya kuzaliwa. Mtoto mwenye macho ya njano yaliyopita wiki mbili, mkojo wa rangi ya chai na choo cheupe kama chokaa naye yumo hatarini. Ini lake halipitishi nyongo inayohitajika ili vitamini K ifyonzwe.

Wapo wazazi wanaowatahiri watoto wao wa kiume siku ya saba. Ukitazama hesabu, siku hiyo inaangukia ndani ya siku zile zile ambazo mtoto asiyepata vitamini K huvuja damu. Muulize atakayemtahiri, naye akuulize, kama sindano ilitolewa. Mtoto ambaye choo chake kimekuwa na damu, au kitovu chake kinavuja, au ambaye wajomba zake wa kuukeni walitokwa damu nyingi walipotahiriwa, asiguswe na wembe mpaka damu yake ipimwe. Akika inaweza kufanyika siku yake, tohara ikangoja majibu.

Kwa nini pana haraka namna hii? Mtoto mchanga ana kama mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo tatu basi damu yake yote haifiki robo lita. Kikombe kidogo cha kahawa kama kile cha barazani, chenye mililita 50 hivi, ni sehemu ya tano ya damu aliyonayo. Kiasi ambacho wewe ukijikata jikoni utafunga kitambaa na kuendelea kupika, kwake ni msiba.

Kuhara damu

Mtoto wa miezi saba anayetambaa, anayeokota kila kitu, na anayelishwa uji uliopoa na kukaa tangu asubuhi, akianza kuhara choo chenye ute na damu pamoja na homa, huyo huenda ana ugonjwa wa kuhara damu. Mara nyingi unaletwa na bakteria aitwaye shigela, ambaye huhitaji vijidudu vichache tu kumwambukiza mtu, navyo hupita kwenye mikono isiyonawa baada ya kutawaza. Watu wengi hudhani ni amiba na kukimbilia metronidazo. Kwa watoto wadogo amiba si sababu ya mara nyingi, na metronidazo haimuui shigela. Siku mbili tatu hupotea, mtoto anazidi kulegea, na dawa inayofaa iko kwenye zahanati.

Mwenye umri wa chini ya miezi miwili apelekwe hospitali moja kwa moja, kwa kuwa kwake bakteria huingia kwenye damu upesi. Aliyezidi hapo apate dawa aliyoandikiwa baada ya kuonekana, aendelee kunyonya, apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti na zinki kwa siku 10 hadi 14, nusu kidonge cha miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi sita na kidonge kizima kwa aliyezidi. Dawa za kufunga kuhara zinazouzwa madukani hazitakiwi kabisa kwa mtoto mchanga.

Mtoto huyu mwenye homa na kuhara ndiye anayepelekwa sana kwa watu wanaong'oa "meno ya plastiki" au kukata kimeo. Hakuna meno ya plastiki. Kinachotobolewa ni fizi, na kinachotolewa ni kijino halisi cha mtoto kilichokuwa bado hakijaota. Kidonda hicho humwaga damu mdomoni, mtoto anaimeza, na kesho yake choo kinatoka cheusi cha kunata. Sasa ana kuhara, ana kidonda, na amepungukiwa damu.

Utumbo unapojimeza

Nimeliacha hili nyuma kwa kuwa ndilo linalohitaji kusomwa taratibu. Shika mkono wa kanzu, uvute sehemu ya juu uingie ndani ya sehemu ya chini. Hivyo ndivyo kipande cha utumbo kinavyoweza kuingia ndani ya kipande kinachokifuata. Madaktari wanaita intususepsheni. Huwapata zaidi watoto wa miezi minne hadi kumi, mara nyingi watoto wanene wenye afya njema, wakati mwingine siku chache baada ya mafua au kuharisha. Kile kipande kilichomezwa hubanwa pamoja na mishipa yake ya damu. Kinavimba, kinaanza kuvuja, na kikiachwa kinaoza.

Jinsi kinavyoanza ndiko kunakodanganya. Mtoto aliyekuwa akicheza analia ghafla kilio kikali, anakunja magoti kuyaleta tumboni, anageuka rangi. Dakika mbili tatu baadaye ananyamaza. Mama anashukuru. Baada ya robo saa au dakika ishirini kilio kinarudi. Kati ya kilio na kilio mtoto huweza kunyonya na hata kutabasamu, ndiyo maana nyumba nzima inakubaliana kwamba ni mchango na maji ya majani yanachemshwa. Kisha anaanza kutapika, kwanza maziwa, baadaye maji ya kijani. Vipindi vya utulivu vinageuka kuwa vya ulegevu. Analala kama aliyelewa. Ukimpapasa tumboni upande wa kulia unaweza kukuta uvimbe mrefu kama soseji. Choo chekundu chenye ute, mfano wa jamu, huja mwishoni, na kwa baadhi ya watoto hakiji kabisa. Anayengoja kuiona damu ndipo aamini, amekwisha poteza saa nyingi.

Katika hospitali yenye vifaa, mtoto huyu akifika mapema anaweza kutibiwa bila kisu. Hewa au maji huingizwa kwa kipimo kupitia njia ya haja kubwa huku daktari akitazama kwa eksirei au altrasaundi, na utumbo husukumwa urudi mahali pake. Si jambo jipya. Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, alikuwa akitangaza matokeo ya tiba ya maji ya namna hii tangu mwaka 1876. Lakini jambo hili halifanyiki nyumbani kwa bomba la majani, na halifanyiki kwa mtoto aliyechelewa ambaye utumbo wake umekwisha toboka au kuoza. Huyo atapasuliwa, na kadiri alivyochelewa ndivyo kipande cha kukatwa kinavyokuwa kirefu. Madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto ni wachache, wapo katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando, kwa hiyo saa za safari nazo zihesabiwe.

Wapo wazazi waliosikia kwamba chanjo ya rota ndiyo inayoleta ugonjwa huu na wakaikwepa. Habari hiyo ina chanzo chake. Chanjo ya kwanza ya rota iliyotumika Marekani iliondolewa mwaka 1999 kwa sababu hiyo hasa. Chanjo iliyoanza kutolewa Tanzania mwaka 2013 si ile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika katika nchi saba za Afrika zikiwemo Tanzania na Kenya, haukukuta ongezeko la ugonjwa huu kwa watoto waliochanjwa chanjo hiyo.

Wenginewe ambao hawapaswi kulala nyumbani ni hawa. Mtoto njiti ambaye tumbo lake limevimba, anakataa maziwa na ametoa damu, kwani utumbo wa njiti huweza kufa sehemu sehemu. Mtoto wa siku chache anayetapika kijani, hata kabla ya damu kuonekana, kwani huenda utumbo umejisokota, na hapo muda ni wa kuhesabu kwa saa. Mtoto ambaye hakupata choo ndani ya saa 48 za kwanza tangu azaliwe, tumbo lake hujaa mara kwa mara, na sasa anahara choo chenye harufu mbaya na damu. Na yule asiye na maumivu yoyote lakini nepi imejaa damu ya rangi ya zambarau. Huyu huenda ana kifuko kilichobaki katika utumbo mdogo tangu tumboni mwa mama.

Unapotoka nyumbani

Nepi yenye damu usiifue. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki na uichukue. Daktari atajifunza mengi kwa kuitazama kuliko kwa maelezo yako. Chukua kadi ya kliniki. Njiani kumbuka majibu ya maswali haya: damu ilianza lini, imechanganyika na choo au iko juu yake, ametapika rangi gani, amekojoa mara ya mwisho saa ngapi, amekula au amepewa nini, pamoja na dawa za mitishamba. Usiifiche mitishamba kwa kuona haya. Daktari asiyejua atatafuta ugonjwa ambao haupo.

Mtazame viganja vya mikono na nyayo, na ndani ya kope za chini. Kwa ngozi zetu, weupe wa upungufu wa damu huonekana hapo na si usoni. Viganja vyeupe, mikono na miguu ya baridi, kupumua haraka, kulegea, au nepi iliyokaa kavu kwa saa sita, ni dalili kwamba zahanati inayofungua saa mbili asubuhi haifai kungojwa. Mfunike apate joto, mweke kifuani kwako. Kama anatapika kijani au analia kwa vipindi, usimlazimishe maziwa, uji wala dawa ya kunywa, kwa sababu huenda akahitaji kulazwa kwa dawa ya usingizi. Asiye na dalili hizo aendelee kunyonya njia nzima.

Na mtoto aliyetibiwa utumbo kwa hewa au maji akaruhusiwa kurudi nyumbani, mama yake aelezwe kabla ya kutoka: kwa kama mmoja kati ya kumi tatizo hurudi, mara nyingi katika siku mbili tatu za mwanzo. Kilio kile cha vipindi kikianza tena, arudi wodini usiku huo huo na kadi yake mkononi, bila kuanza upya foleni ya wagonjwa wa nje.